Rangi ya Ozella

Sheria ya studio ya Mzee Crutchfield haikuandikwa popote, wala hakuna mteja aliyewahi kuisikia ikitamkwa. Ilikuwa sheria tu, kama ile ya kuvua kofia kanisani. Mweusi tii atoke maji ya kunde. Maji ya kunde atoke mweupe. Mweupe aachwe alivyo, maana huyo Mungu alishammalizia kazi. Watu weusi wote wa Kusini mwa Chicago walilijua jambo hilo, wote walilitaka, na hakuna hata mmoja ambaye angekiri kwamba alilitaka. Mtu alikuja Jumatatu na uso wake, Ijumaa akachukua picha yenye uso wa binamu yake aliyebahatika, akaitazama, akasema, "Naam, safari hii nimetoka vizuri." Ukipenda chongo huita kengeza, na sisi ndivyo tulivyojipenda miaka ile, kwa kujikwangua.

Mwenye kutukwangua alikuwa Verlene Tubbs. Alikuwa msichana wa miaka ishirini na moja, mwembamba wa mikono, mzito wa ulimi mbele ya wageni. Alikaa kwenye dirisha la nyuma ya studio, Mtaa wa State, akizipaka rangi picha ambazo kamera ilizitoa kijivu. Pamba kidogo kwenye ncha ya kijiti, rangi ya mafuta kiduchu, kisha kusugua taratibu mpaka shavu lipate damu. Nyumbani alichora mambo yake mwenyewe nyuma ya kalenda kuukuu za duka la majeneza, na mama yake, Mama Tubbs, aliyaita "uchafu wa Verlene".

Alikuwa ameposwa. Mchumba wake aliitwa Roscoe Gaither, kijana mrefu wa machinjioni, ambaye kila jioni alijisugua kwa siki mpaka ngozi ikawasha ndipo athubutu kubisha hodi. Msije mkadhani Verlene hakumpenda. Najua hadithi za namna hii mlivyozizoea: msichana anaozwa kwa mtu asiyemtaka, halafu moyo unapata wake. Hapana. Verlene alimpenda Roscoe kwa kichwa na kwa mwili. Roscoe akimshika kiuno kwenye dansi, magoti yalimlegea. Siku walipopiga picha ya uchumba, Roscoe alimwambia, "Mimi usinipunguze hata kidogo. Nikirudi nyumbani mweupe, mbwa atanibwekea." Verlene alicheka mpaka akamwaga rangi.

Basi hayo ndiyo yalikuwa maisha yake mwaka 1927, theluji ilipoanza kuyeyuka, na hakuwa na malalamiko.

Mama Tubbs alipangisha vyumba, na mpangaji aliyekuja majira hayo alikuwa fundi cherehani kutoka St. Louis, jina lake Ozella Mapp. Alikuwa amemzidi Verlene miaka michache. Vyumba vilikuwa vimejaa, kwa hiyo alipewa nusu ya kitanda cha Verlene, kama ilivyokuwa desturi, na kwa sehemu ya kodi akakubali kumshonea gauni la harusi. Mchana alishona kofia za matajiri. Jumapili aliimba kanisani, na akiimba hata wazee waliokuwa wamesinzia waliamka wakajifanya hawakusinzia. Yeye ndiye aliyezitoa zile kalenda chini ya godoro bila kuomba ruhusa, akazitandaza kitandani, akazitazama moja moja.

"Nani amekufundisha?" aliuliza.

"Hakuna. Ni uchafu tu."

"Uchafu gani, wee! Mdogo wangu, wewe si mpaka rangi wa Crutchfield. Wewe ni msanii. Unajua hilo, au nikupige kofi ndipo ulijue?"

Hakuna mtu aliyewahi kumwita hivyo. Verlene alikwenda kuosha vyombo ambavyo vilikwisha kuoshwa.

Jambo lenyewe lilimkuta mchana wa Jumapili, wakati wa kulijaribu gauni. Verlene alisimama juu ya kiti karibu na dirisha. Ozella alipiga magoti chini, pini mdomoni, akipima upindo.

"Simama kama bibi harusi, usisimame kama gunia," alisema kwa meno yaliyobana pini. "Geuka. Tena. Loo, Roscoe akikuona hivi atasahau kusema ndiyo, mchungaji aione siku ndefu."

Kisha akainua uso, na mwanga ukamwangukia. Verlene alikuwa mtu wa rangi, kazi yake ilikuwa kuzijua kwa majina, na pale jina likamkosa. Ozella alikuwa mweusi, mweusi hasa, lakini chini ya weusi ule kulikuwa na wekundu mzito, na kwenye kipaji cha uso paliingia zambarau, kama tunda lenyewe likiiva. Midomo yake ilikuwa na rangi mbili, wa chini ukielekea waridi. Moyo wa Verlene ukagonga, na ukagonga palepale ulipozoea kumgongea Roscoe. Magoti yakamlegea juu ya kiti.

"Unaanguka!" Ozella alimdaka kiunoni. "Hujala?"

"Sijala," Verlene alisema, na alikuwa ameshiba mkate wa mahindi na mifupa ya shingo ya nguruwe.

Alijua jambo hilo linaitwaje. Mtaa wa Federal aliishi Bi Gus, mwanamke wa kofia ya kiume, pamoja na mwenzake aliyemwita mke wangu. Kanisani wakipita watu walikohoa, na Verlene alikuwa amekohoa nao. Hivyo wiki ile yote alingoja kugeuka Bi Gus. Alidhani hilo likiingia, lile lingine litatoka, kama wapangaji wa mama yake: mmoja anahama, mwingine anahamia. Jumamosi Roscoe alikuja kumchukua dansini. Alinuka siki na sabuni, akamshika kiuno, akamnong'oneza upuuzi fulani kuhusu mpiga tarumbeta. Verlene akasikia magoti yanalegea vilevile kama zamani. Hapo ndipo alipoogopa kweli. Ugonjwa wenye dawa mtu anauvumilia. Huu wake ulikuwa na nafasi ya wawili, na hakuna aliyekuwa anahama.

Alijitahidi. Alilala ukingoni mwa kitanda mpaka nusu ya mgongo ikawa nje, na Ozella akalalamika, "Unaogopa nina chawa?" Alisali. Mungu alinyamaza kwa adabu zake zote.

Kisha akaja Bwana Lafayette Sims. Huyu alikuwa wakala wa maonyesho ya jukwaani huko New York, mtu wa viatu vya rangi mbili, akipita Chicago kutafuta waimbaji. Alimsikia Ozella kwenye karamu ya kuchangia kodi ya jirani, samaki wa kukaanga wakiwa wamejaa meza nzima, akamfuata mpaka jikoni na Verlene akiwa palepale.

"Dada, sauti yako nimeisikia, sina neno. Ila bosi wangu kule haendi kwa masikio, anakwenda kwa macho. Anataka picha. Na wasichana wake, nisikufiche, wasiwe weusi kuliko mfuko wa karatasi wa dukani."

"Mfuko upi?" Ozella aliuliza. "Wa unga au wa makaa?"

Jikoni palivunjika kwa kicheko. Bwana Sims alicheka pia, lakini hakubadilisha neno. Angeichukua picha Jumamosi asubuhi kabla ya treni yake. Bosi akiipenda, tiketi ingekuja.

Siku ya pili Mzee Crutchfield alimpiga Ozella picha, shingo ndefu, bega moja wazi, akatoa nakala mbili. Usiku ule ule ilikuwa furaha mezani. Roscoe alileta chupa ya soda ya zabibu kumpongeza. Mama Tubbs alilia kidogo, akahesabu vyumba vyake.

"Mdogo wangu, nipake vizuri," Ozella alisema. "Nitoe njano kabisa, nifanane na yule binti wa duka la dawa anayejiona malkia. Nikishafika kule, jukwaani kuna poda, kuna taa. Nikifungua mdomo mara moja tu, nani atanirudisha?"

"Na huku je?" Verlene aliuliza.

"Huku kuna nini? Kofia za watu na kitanda cha nusu."

Verlene alikunywa soda yake. Alikuwa ameelewa vizuri kabisa. Akimkwangua Ozella ataondoka. Asipomkwangua atabaki, na kitakachombakiza ni mkono wa Verlene.

Alhamisi alikaa dirishani na nakala ya kwanza. Namtetea kwa jambo moja: alipoanza, alikusudia kumpaka njano. Rangi alizipanga mezani, ile ya biskuti, ile ya maziwa na chai, ile ya ngano. Lakini kijiti kilichovya kwingine. Akaanza na kipaji, akatia zambarau. Akaweka wekundu chini ya mashavu, halafu weusi juu yake, taratibu, ukimeta. Kwenye midomo alichukua muda mrefu kuliko inavyofaa kwa midomo ya mtu mwingine. Hakuona saa zikipita. Alipomaliza alijua kwamba hajawahi kufanya kitu kizuri hivyo, na pengine hatafanya tena. Kama aliifanya kwa upendo au kwa wizi, hilo alijiuliza baadaye, na hata baadaye hakupata jibu.

Mzee Crutchfield alipita nyuma yake akasimama.

"Verlene," alisema polepole, "huyu mteja amekukosea nini?"

"Ndivyo alivyo, Mzee."

"Najua ndivyo alivyo! Kila mtu anajua alivyo, ana kioo kwake. Hapa haji kununua kioo."

Na kabla hajaendelea kengele ya mlango ililia, Ozella akaingia, ametoka kazini na pini bado kifuani mwa blauzi. "Iko wapi? Nionyesheni mrembo!"

Akaiona. Akaiinamia. Verlene alikuwa anamtazama usoni kwa shauku yote, kama mtoto aliyeleta alama nzuri nyumbani.

"Ndivyo unavyoniona?" Ozella aliuliza.

"Ndiyo," Verlene alisema. Maskini, alilisema kwa furaha.

Ozella alinyooka. "Mama yangu wa kambo aliniita chungu. Shuleni waliniita lami. Kila mtu nilimtegemea aseme kitu. Wewe sikukutegemea." Akatoka, na kengele ikalia tena.

Verlene aliifunga picha kilegevu kwenye gazeti, akaacha hata koti, akamfuata. Barabara nzima alitafuta maneno. Ungekuwa wewe ungesema nini? Ungemwambiaje mtu kwamba tusi analolikimbia tangu utoto ndiyo sifa kubwa kuliko zote unazoweza kumpa?

Alimkuta jikoni peke yake, Mama Tubbs akiwa kwenye kikao cha akina mama wa kanisa. Ozella alikuwa anachemsha maji asiyoyahitaji.

"Ulitaka nisiende," Ozella alisema bila kugeuka. "Sema kweli."

"Sijui."

"Hujui!"

"Sijui, Ozella. Labda nilitaka. Lakini sikuipaka hivyo kwa ubaya. Sijaona kitu kizuri kama..." Akaifungua ile picha, akaiweka mezani, akajitenga nayo kama kwamba ingemuuma.

Ozella hakutaka kuitazama, na aliitazama. Safari hii hapakuwa na Mzee Crutchfield akipumua nyuma. Aliisogeza karibu na dirisha. Alikaa nayo. Akagusa hewa juu ya midomo ya kwenye karatasi, maana rangi ilikuwa mbichi, kisha akagusa yake mwenyewe. Verlene aliona uso ule ukibadilika kidogo kidogo, hasira ikiutoka na kitu kingine kikiingia.

"Hakuna mtu anayempaka mwenzake hivi kwa ajili ya mshahara," Ozella alisema kwa sauti ya chini. "Tangu lini?"

"Tangu ule upindo."

"Loo, Verlene."

"Unanicheka?"

"Nikucheke nini? St. Louis nilikuwa naye mmoja. Mpishi, mnene, mkali kama pilipili. Nilidhani nimemwacha huko na mambo yake yote." Akamkaribia. Alimshika kidevu kama alivyomshika akimpima kola, akambusu mdomoni. Halikuwa busu la dada. Verlene alisikia mwili wote ukiitikia, hakuna sehemu iliyobaki na shaka, na maji nyuma yao yakachemka yakamwagikia jiko likapiga kelele.

Ozella ndiye aliyejitoa. "Na Roscoe?"

"Nampenda. Si uongo."

"Najua si uongo, nina macho. Hiyo ndiyo taabu yako, mdogo wangu. Ungekuwa humpendi, ningekwambia funga mzigo twende zetu. Lakini wewe huna unayemtoroka."

"Basi nifanye nini?"

"Mimi naulizwa?" Ozella alicheka, na machozi yakamtoka hapohapo. Akaichukua picha. "Ni nzuri kuliko chochote nilichowahi kuona. Nakuapia. Ningekuwa nimejiona hivi nikiwa mtoto, sijui leo ningekuwa nani. Na hainisaidii kitu. Kesho nipakie ile nyingine, kama unavyowapakia wote."

Kisha akafungua mlango wa jiko la makaa.

"Ozella, hapana!"

"Mapenzi ni kikohozi, na hii picha inakohoa, Verlene. Mimi nimesikia. Mama yako atasikia. Roscoe naye si kiziwi."

Verlene angeweza kumshika mkono. Alikuwa karibu. Alisimama tu, maana kila alilolisema Ozella lilikuwa kweli, na ukweli ulimfunga miguu. Karatasi ilijikunja. Rangi ya mafuta huwaka vizuri. Kipaji kilitangulia, kisha bega, na Ozella aliushikilia mlango wa jiko mpaka kikabaki kijivu, ndipo akaufunga na kwenda kunawa uso kabla akina mama wa kanisa hawajarudi.

Ijumaa Verlene alipaka nakala ya pili. Mkono haukumkosea hata mara moja. Rangi ya ngano kwenye kipaji, rangi ya maziwa na chai kwenye mashavu, mstari mweupe juu ya pua ili pua iwe nyembamba, midomo akaipunguza kwa kingo. Alimtazama Ozella akiondoka kipande kwa kipande, na aliyekuwa anamwondoa ni yeye. Jioni pale mezani kulikuwa na msichana mrembo wa rangi ya biskuti ambaye Verlene hakumjua wala hakumtamani.

"Hiyo ndiyo kazi!" Mzee Crutchfield alisema, akampiga begani. "Jana uliumwa nini?"

Bwana Sims aliichukua Jumamosi, akapiga mluzi. Kabla ya mwisho wa mwezi telegramu ikaja na habari ya tiketi. Ozella alimnyanyua Mama Tubbs akamzungusha jikoni. Alimkumbatia Verlene pia, mbele ya watu, kwa namna ya mbele ya watu. Tangu siku ya jiko hawakuwa wamegusana tena. Kitandani kila mmoja alilala upande wake kama abiria. Gauni la harusi lilikuwa tayari, limekaa mwilini bila kosa.

Roscoe aliomba ruhusa kazini ili alibebe sanduku la Ozella mpaka stesheni. Alilitupa begani kama mguu wa ng'ombe, akatembea mbele akiimba kwa sauti mbaya, na Ozella akamwambia akiendelea hivyo New York watamchukua yeye. Kwenye jukwaa la treni palikuwa na moshi na watu. Ozella alimbusu Roscoe shavu moja, akambusu Verlene shavu moja, sawa kwa sawa, hakuna aliyepunjwa.

"Mtunzie huyu mikono yake," alimwambia Roscoe. "Ni msanii."

"Nitamtunza mzima mzima," Roscoe alisema.

Treni iliondoka bila kishindo, kama mtu anayetoka ibadani kabla ya sadaka. Mkono wa Ozella ulitoka dirishani, mweusi, bila glavu, ukipunga, ukapungua machoni. Verlene alianza kulia. Alijaribu kuzuia, kilio kikamshinda, akalia kwa sauti na mabega yakitikisika, watu wakageuka.

Roscoe alimkinga kwa kifua chake ili watu wasimwone, akatoa leso, kubwa, iliyopigwa pasi kwa ajili ya safari. "Lia, mpenzi. Nami ningekuwa na rafiki wa namna ile ningelia. Tukishaoana nitaweka akiba, twende tukamtembelee. Nakuahidi."

Na angefanya kweli, ndiyo hatari yake. Verlene alisikia harufu ya siki kwenye shati lake, akasikia ule mkono mpana ukitulia mgongoni, na magoti, yale magoti yasiyo na aibu, yakalegea. Laiti angemchukia kidogo. Angalau kwa siku ile moja. Alitafuta chuki moyoni mwake kama mtu anayetafuta ufunguo mfukoni, akakuta anampenda, hajapungukiwa hata chembe, na treni nayo inakwenda na yule mwingine ambaye hajapungua hata chembe.

"Niambie nikufanyie nini," Roscoe alisema juu ya kichwa chake. "Chochote. Wewe sema tu."

"Hakuna la kufanya, Roscoe," Verlene alisema.

Roscoe alimkumbatia zaidi, naye akajishikilia kwake kwa mikono miwili.